Mpandaji wa Kumi na Saba

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nimelitafakari sana jambo hilo, kwa sababu mtu anayeambiwa akapumzike hana haja ya kujua ni saa ngapi. Mlinipa na keki, na Neema akaniomba niwaandikie vijana wa idara yale niliyoyaona kazini. Nimekubali kwa sharti moja: habari za vyeo siandiki. Vyeo vyangu vilikuwa mlangoni, na mlango ule sasa una jina la mtu mwingine. Mishahara nayo tuiache, maana nikiianza mtadhani nasimulia vichekesho.

Kwa atakayeziokota karatasi hizi bila kutujua, kazi yetu ni kuchunguza maombi ya hataza. Mtu akibuni kitu analeta maelezo na michoro, anasema hiki ni changu, asikitengeneze mwingine bila ruhusa yangu. Sisi tunasoma, tunapekua, halafu tunamjibu kwa adabu kwamba kitu chake kilikuwapo tangu babu yake hajatahiriwa. Mara chache tunasema ndiyo. Siku hizo huwa nzuri, na huwa hatulali vizuri, tukijiuliza tumekosea wapi.

Nilipoanza, ofisi ilikuwa pale pale Mchafukoge, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vifungo na nyuzi. Lifti ilikuwapo. Nimeifahamu miaka yote hiyo kama mtu anavyomfahamu shemeji aliye ughaibuni: unasikia yupo, anaendelea vizuri, atakuja. Bosi wangu wa kwanza alikuwa Mzee Jayanti, Mhindi wa hapa hapa mjini, aliyezaliwa mitaa miwili kutoka ofisini na aliyesema Kiswahili kilichonyooka kuliko changu mimi Shaweji niliyezaliwa Ilala kwa baba na mama wa pwani. Alivaa miwani mbili, moja puani na nyingine kipajini, na ile ya kipajini ndiyo aliyokuwa akiitafuta siku zote.

Asubuhi ya kwanza nilimwamkia, akaniitikia, akanipa kibanio cha nguo. "Kieleze kwa maandishi," akasema, "fundi ambaye hajawahi kukiona aweze kukitengeneza."

Nikaona kazi yenyewe ndiyo hii, mbona nitakufa tajiri wa muda. Nikaandika: ni kifaa cha kubania nguo kwenye kamba. Mzee Jayanti akasoma, akainuka, akanibana nacho sikio.

"Hili sikio ni nguo?"

"Hapana, mzee."

"Limebanwa?"

"Limebanwa, mzee."

"Basi umesema kinafanya nini, hujasema kikoje. Rudia."

Nilirudia hadi adhuhuri, kibanio kikiwa bado sikioni. Nilipofika kwenye vipande viwili vya mti, waya uliosokotwa katikati, na kijifereji ambamo waya unakaa usichomoke, akanivua. Tangu hapo sijawahi kuisoma hataza ya mtu yeyote bila sikio kuniwasha kidogo.

Somo la pili lilikuwa Kariakoo. Mzee Jayanti alikuwa na kanuni yake: kabla hujafungua kabati, shuka sokoni. Kabati lilikuwa na nyaraka za Ulaya na Marekani, lakini halikuwa na kitu kinachouzwa juu ya turubai Mtaa wa Kongo. Kikishauzwa pale si kipya, hata kama Ulaya nzima haijakisikia. Basi nikawa nashuka, daftari mkononi, penseli nyekundu sikioni, futi ya fundi cherehani mfukoni. Wauza vyombo walinijua. Waliniita Bwana Vipimo, na nina hakika nyuma yangu waliniita jina jingine.

Sasa Kariakoo ina desturi yake, nanyi mnaijua. Kitu hakiuzwi pale bila kujaribiwa mbele ya mnunuzi. Pasi itawashwa hadi itoe moshi, feni itazungushwa, redio itafunguliwa mpaka jirani alalamike. Mnunuzi anauliza, muuzaji anafungua mfuniko, wapita njia wanasimama na kutoa maoni ambayo hakuna aliyewaomba. Kwa mnunuzi ni ulinzi. Kwa mvumbuzi ni balaa, kwa sababu hataza hutolewa kwa kitu ambacho umma haujaonyeshwa. Ukishakiwasha barazani na kueleza kinavyofanya kazi, umejianika. Kanuni tulizokuwa tukizifuata zilimsamehe mtu aliyejianika mwenyewe, mradi alete ombi lake ndani ya mwaka mmoja tangu siku hiyo. Ofisini tuliuita muda wa huruma. Ukipita hata kwa siku moja, huruma imekwisha.

Nimeona mengi. Alikuja bwana mmoja na mtambo wa umeme unaojiendesha bila mafuta, ukanguruma mezani kwetu dakika ishirini tukiwa tumepigwa na butwaa, hadi Mzee Jayanti alipoinua kitambaa cha meza na kukuta waya umeingia kwenye soketi yetu wenyewe. Akauchomoa, mtambo ukafa. Yule bwana hakutahayari hata kidogo. Alituambia mtambo umeona haya kwa wageni. Alikuja pia mama mmoja wa Ilala na jiko la mkaa lenye kizibo cha udongo kinachozuia majivu yasizibe hewa. Nililichunguza wiki sita nikitafuta sababu ya kumkatalia, sikuipata, na jioni niliyomwandikia nilikwenda nyumbani nikiimba hadi mke wangu akauliza nimekula nini.

Mzee Jayanti alistaafu, miwani ya kipajini akiwa bado anaitafuta, na mimi nikakaa kwenye kiti chake. Miaka ikapita. Nairuka kwenda kwenye ombi la mwisho, kwa sababu ndilo mnaloliulizia kila mnaponiona, na kwa sababu kila mmoja wenu analisimulia kwa uongo wake.

Lilifika miezi michache kabla sijastaafu. Kichwa chake kilisema ni baiskeli ya mazoezi iliyounganishwa na simu. Aliyeliandika alikuwa wakala mmoja ambaye simtaji, maana bado ana mdomo. Dai la kwanza, yaani kile anachotaka kiwe chake, lilisema hivi: kifaa chochote cha mazoezi kinachowasiliana na kifaa kingine chochote kwa njia yoyote kwa manufaa ya mtu yeyote. Nikaandika pembeni kwa penseli nyekundu: na kwa sababu yoyote? Kwa dai lile, kila mwanachama wa kikundi cha joging cha Jumamosi anayekimbia na simu mfukoni angetakiwa kwanza akaombe ruhusa kwa mwenye ombi. Dai la tano lilitaka hataza ya kutibu waliopata kiharusi, na tiba ya mwili wa binadamu haipewi hataza. Maelezo ndiyo usiseme. Ukurasa wa saba ulianza na maneno "nguo zikishasuuzwa," kwa hiyo nikajua wakala alikuwa amenakili ombi lake la zamani la mashine ya kufulia na kubadili majina hapa na pale alipokumbuka.

Nilikusanya nyaraka nane za nje za baiskeli zinazozungumza na simu, nikaandika barua ya pingamizi, nikaituma kwa wakala. Wakala akanyamaza. Badala yake, asubuhi moja nikasikia ngazini watu wanahema na kutukanana. Wapagazi wawili wa Kariakoo wakaingia na kitu kizito kilichofunikwa shuka, na nyuma yao mwanamke wa miaka arobaini na kitu, baibui limepakaa grisi mkononi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Karibu."

"Mimi Zuhura, mwenye baiskeli. Barua yako nimeisoma mara tatu. Wakala anasema wewe mkorofi tu, nikaona nije nijionee."

Alikuwa fundi wa cherehani na mashine ndogondogo, ana kibanda chake Kariakoo, anaishi Ilala na mama yake. Mama alipata kiharusi, daktari akasema afanye mazoezi ya kupiga pedeli, na Zuhura akaogopa kumpandisha kwenye mashine ambayo haimjui. Akamtengenezea ya kwake. Alipokuwa akinieleza hayo alivuta shuka, nami nikaona siti iliyozungushiwa nailoni ya kijani na kufungwa kwa kamba ya viatu.

Niliijua siti ile. Makalio yangu ndiyo yaliyoijua kwanza.

Zuhura naye akaniangalia vizuri. "Haa! Wewe si yule mzee wa Ramadhani? Uliyesema mashine yangu mbovu?"

Ndimi. Ilikuwa siku za mwisho wa mfungo, Kariakoo imejaa watu wa manunuzi ya Idi, nami nimeshuka kutafuta kanzu. Nilimkuta Zuhura barazani ndio kwanza anaifunua baiskeli, akasema mimi nitakuwa wa kwanza kuipanda nje ya watu wa nyumba yao. Mtu mwenye akili, amefunga, jua la saa saba, angepita zake. Mimi nikapanda. Simu iliyokuwa kwenye usukani ikawa inaonyesha mapigo yangu, pedeli nzito kiasi, watu wakakusanyika, nami nikaona nionyeshe kuwa wazee wa zamani ni chuma. Ghafla pedeli zikalegea. Miguu ikazunguka bure.

"Mbovu hii," nikatangaza. "Breki imeachia."

"Sio mbovu, Mzee," Zuhura alisema siku ile. "Imekuachia wewe."

Kwa maudhi nikaanza kumuuliza. Inajuaje? Inapima nini? Kwa nini iachie sasa na si mapema? Mtu mwingine angeuliza bei. Mimi nilimuuliza maswali ya miaka thelathini ya kazi, moja baada ya jingine, naye akafungua mfuniko na kunijibu yote mbele ya watu wasiopungua ishirini. Breki yake, alisema, haisikilizi kasi ya moyo. Moyo ukienda mbio kwa mpangilio, inakuacha uendelee. Inasikiliza mapigo yanayoruka. Yakiruka inalegea yenyewe, na uamuzi unafanywa na kisaketi kilichomo ndani ya baiskeli, kwa hiyo hata bando la simu likiisha mama yake yuko salama. Simu inahifadhi tu rekodi ya kumwonyesha daktari.

Halafu aliniuliza kama nimefunga. Nikasema nimefunga. Akasema basi labda ni swaumu, watu wote wakakubali ni swaumu, nami nikaenda kununua kanzu.

Nyaraka za nje hazikuwa na breki ile. Zile baiskeli za kigeni zinakwambia moyo wako unafanya nini, kisha zinakuacha ufe ukiwa na taarifa kamili. Mle ndani ya ukungu wa wakala, chini ya nguo zilizosuuzwa, mlikuwa na kitu kipya cha kweli, na nilikuwa nimekikalia.

Zuhura alifurahi kupita kiasi. "Basi wewe shahidi wangu! Uliiona ikifanya kazi kwa macho yako." Akaniambia kilichomleta mbio. Mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa pili aliipiga picha nje na ndani, akazituma Uchina, na kontena zima la baiskeli zenye breki ile limeshafika bandarini linasubiri kutolewa. "Nikikosa hataza, Mzee, nitakaa pale kibandani nitengeneze nakala za mashine yangu mwenyewe zikiharibika. Na zitaharibika, maana nasikia kisaketi wamekiweka kwenye simu."

Nilijua alileta ombi lake siku mbili baada ya Idi iliyofuata, tarehe ilikuwa mbele yangu kwenye jalada. Mimi niliipanda siku tatu kabla ya Idi ya kabla yake. Nikahesabu kwenye vidole chini ya meza. Mwaka na siku tano. Muda wa huruma umepita, na hakuna karatasi yoyote duniani inayosema hivyo. Shahidi pekee ambaye ofisi ingempata ni mimi.

Nataka niwe mkweli kwenu, maana hili ndilo lililonifanya nikubali kuandika. Siku mbili nzima niliazimia kunyamaza. Nilijiambia nani atajua. Nilijiambia mfanyabiashara yule ni mwizi wa mchana, na kumnyamazia Zuhura ni thawabu. Siku ya tatu nikagundua kwamba nikinyamaza, siku yoyote mmoja wa wale ishirini angeweza kutokea, aseme mchunguzi mwenyewe alikuwa juu ya siti, na hataza ya Zuhura ingefutwa kwa aibu kubwa zaidi. Ningependa kusema ni uadilifu ulionisukuma. Ulikuwa uadilifu kidogo na woga mwingi.

Nikaandika maelezo yangu ya shahidi, nikajitoa kwenye jalada, likapewa Neema. Wengi wenu mnamjua Neema alivyo sasa. Wakati ule ana miaka miwili kazini na tayari alikuwa hasomeki. Anaweka kalamu zake kwa mpangilio wa urefu.

Zuhura alipoambiwa alipanda ngazi bila kuhema. "Yaani nimeponzwa na maswali yako?" akaniuliza. "Nani alikutuma uulize? Si ulikuja kununua kanzu?"

Nilimwambia samahani, na neno lenyewe lilikuwa dogo mno kwa kitu nilichomfanyia.

"Mama anaipanda kila asubuhi," akasema. "Ameanza kushika kikombe kwa mkono ule uliokuwa umelala. Sasa nikamwambie nini?"

Neema alikuwa ameshaandika rasimu ya kukataa. Akamsomea taratibu: ombi limewasilishwa mwaka mmoja na siku tano baada ya kuonyeshwa kwa umma, kwa mujibu wa maelezo ya shahidi. Zuhura akamkatisha.

"Mwaka wa nani?"

"Mwaka, mama. Mwaka ni mwaka."

"Sio. Mzee kahesabu kutoka Idi mpaka Idi. Wewe Mzee, umefunga miaka mingapi? Ramadhani mwaka huu iliingia tarehe ile ile ya mwaka jana?"

Nimefunga tangu nikiwa na miaka tisa. Nimefunga Ramadhani za masika na za kipupwe, na kila mwaka nimemwambia mke wangu kwamba mwezi umerudi mapema. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa kalenda ya ukutani kwa siku kumi au kumi na moja, mtoto wa madrasa anajua. Lakini nilipovaa tai na kukaa kwenye kiti cha Mzee Jayanti nilihesabu Idi mbili nikaziita siku mia tatu sitini na tano. Neema ni Mlutheri, kwake Idi ni siku ya mapumziko na pilau kwa jirani, hakuwa na sababu ya kunishuku. Ukiondoa siku zile kumi au kumi na moja, ombi liliingia siku tano au sita kabla mwaka haujatimia.

"Hiyo ni kumbukumbu ya mzee ikichanganywa na mwandamo wa mwezi," Neema akasema. "Naomba tarehe."

Zuhura akatoa simu. Ilikuwa imehifadhi kila aliyewahi kuipanda baiskeli, kwa namba, na siku na saa na mchoro wa moyo wake. Kumi na sita wa kwanza ni mama yake na watu wa nyumba yao, wote ndani Ilala. Wa kumi na saba alipanda saa saba mchana, siku tatu kabla ya Idi. Kwa kalenda ya ukutani, siku mia tatu hamsini na tisa kabla ya ombi.

Nilipiga meza kwa furaha. Maelezo yangu ya shahidi yalisema niliendesha kwa takriban robo saa. Rekodi ilisema dakika moja na sekunde arobaini. Neema alitazama karatasi moja, akatazama nyingine, akainua macho.

"Mzee Shaweji, hapa kuna tatizo. Shahidi anasema robo saa. Rekodi haina jina. Nitajuaje huyu wa kumi na saba ni wewe, na si mtoto wa jirani?"

Hivyo ndivyo majivuno yangu yalivyotaka kumzamisha Zuhura mara ya pili. Nilikiri kwa maandishi kwamba niliongeza chumvi. Neema akasema anashukuru, lakini shahidi aliyeongopa mara moja anahitaji kuegemezwa na ushahidi mwingine. Ndipo akapata wazo ambalo kwalo Mzee Jayanti angembana sikio kwa mapenzi.

"Panda tena," akasema. "Tulinganishe."

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, wapagazi wameipandisha tena baiskeli kutoka Ilala. Idara nzima mlitoka kwenye korido, msikatae, niliwaona. Hata yule wa masijala ambaye hainukagi kitini alisimama. Nilivua koti, nikapanda, nikashika usukani, nikaanza kwa mwendo wa kistaarabu.

"Twende, Mzee!" mmoja wenu akapiga kelele. "Kaza, Bongo inakutegemea!"

Nikakaza. Jasho likanitoka, nikaona kama kifua kimefungwa mkanda, nikajiambia ni ngazi zile za asubuhi. Kisha pedeli zikalegea, miguu ikazunguka bure, nanyi mkashangilia kama timu imefunga bao.

Neema hakushangilia. Alichapisha mchoro, akauweka juu ya ule wa kwanza, akazibandika karatasi zote mbili kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upenye, jinsi tunavyolinganisha michoro ya mitambo. Mapigo matatu sawa, pengo, mawili ya haraka, pengo refu. Karatasi ya juu na ya chini, mistari ilipandiana.

"Si ushahidi wa kumpeleka mtu mahakamani," akasema. "Lakini unamwegemeza shahidi vya kutosha. Ni yeye. Tarehe imethibitika. Bi Zuhura, ukilipunguza dai libaki breki na kisaketi chake, pingamizi naliondoa leo."

Akavuta kibweta cha muhuri. Mlipiga makofi tena, mtu akanipigapiga mgongoni. Nilimtafuta Zuhura kwa macho nione furaha yake, maana niliihitaji kuliko yeye. Alikuwa bado dirishani, ametugeuzia mgongo, kidole chake kiko kwenye lile pengo refu.

"Mzee," akasema, "leo umefunga?"

"Nifunge leo kwa lipi? Nimekunywa supu ya kongoro na chapati tatu."

Akageuka. Makofi yakapungua yenyewe, moja moja.

"Siku ile tulisema swaumu," akasema.

"Tulisema."

"Mimi ndiye niliyesema. Mashine yangu mwenyewe iliniambia, nami nikakuacha ukanunue kanzu."

Nilikuwa bado juu ya siti. Nilikuwa nimeuelewa mtambo ule kuliko mtu yeyote nchini ukimtoa aliyeubuni, kila waya na kazi yake, na kwa mwaka na zaidi haikunijia hata mara moja kwamba ulikuwa unazungumza na mimi. Niliogopa.

"Subiri kwanza agonge muhuri," nikamwambia. "Umehangaika mno. Kontena liko bandarini."

Neema alikuwa ameushika tayari, wino umeshakolea. Zuhura hakumtazama. Alikuja akasimama mbele ya baiskeli yake, akanipa mkono wake wenye grisi.

"Karatasi haifi, Mzee. Shuka twende hospitali."

Nikashuka. Alinishika mkono ngazi zote za ghorofa tatu, akinisimamisha kila kona nipumue, na muhuri ulibaki mezani kwa Neema hadi Jumatatu.